Mzee wa Maji na Pango la Kaisut

Alikuwa akipunguza mwendo wa pikapu yake kwenye kila daraja. Haikuwa woga wa ajali, ingawa barabara yetu ya kutoka Embu kwenda Meru ina madaraja ya kuogopwa. Alitaka kuutazama mto, kisha atoe habari zake kama mtu aliyetoka kumjulia hali mgonjwa. "Thuci imepungua." "Ruguti iko sawa." "Nithi leo ina matope, kuna mtu analima mpaka kingoni huko juu." Magari nyuma yetu yalipiga honi, madereva wakatoa vichwa dirishani na kututukana kwa Kimeru na Kiembu, na yeye hakugeuka. Ukimwambia, "Mzee, watu wanachelewa," alijibu, "Wacha wachelewe. Chai waliyokunywa asubuhi ilitoka hapa."

Kwetu Kibugu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee wa Maji, hata kwa mkewe, hata kwa padri. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mradi wetu wa maji. Mabomba yanaanzia juu msituni, kule ndovu wanakopita, yanashuka katikati ya chai, na kuingia katika kila boma. Kazi yake ukiitaja ni nyepesi: kufungua vali, kufunga vali, kuziba panapovuja, kuhakikisha kila upande wa kijiji unapata maji siku yake. Lakini kwa kuwa maji ndiyo kitu pekee ambacho kila mtu kijijini anakihitaji na kila mtu anakiiba, alikuwa pia askari, hakimu, na adui wa watu wengi kati ya Jumatatu na Jumamosi. Jumapili walimsamehe kwa saa mbili hivi.

Hakujali mtu ni nani. Mkewe alipomwagilia sukumawiki mchana, siku ambayo haikuwa ya upande wao, alikata bomba la nyumba yake mwenyewe kwa wiki nzima na kuchota maji kwa jirani, mtungi begani, akisalimia watu njiani kama kawaida. Mkewe alikuja kwetu kulalamika. Mke wangu, Wawira, akamuuliza, "Sasa anakunywa nini?" Akasema, "Anakunywa chai kwa jirani, na mimi nakunywa hasira."

Neno lake lilikuwa "si zamu yako." Alilitumia kwa maji, kisha likatapakaa kwenye kila kitu. Mtu akirukia maneno ya mwingine mkutanoni: si zamu yako. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua nyama kabla ya wageni: si zamu yako. Kuna jirani aliyekuwa mgonjwa sana akamwita kumuaga. Mzee wa Maji akaketi kando ya kitanda, akamtazama vizuri, akasema hivyo hivyo. Yule bwana alipona. Mpaka leo anachuma chai, na anasimulia jambo hilo kama muujiza.

Kanisani siku moja, sala ya mwisho ikiendelea, sote tumefumba macho, alisimama akatoka nje. Kulikuwa na mfereji wa bomba unaodondoka kando ya ofisi. Aliufunga, akarudi, akafika kabla ya amina. Nilimuuliza baadaye, "Mzee, hata Mungu unamwacha katikati ya sentensi?"

"Mungu alikuwa anaongea na watu mia mbili," alisema. "Ule mfereji haukuwa na mtu."

Alikuwa pia na vituko visivyolingana na kazi yake. Mtu wa maji, lakini mvua aliiogopa kama paka. Alitembea na mwavuli hata Januari. Chai alikunywa ya maziwa matupu, bila tone la maji, na ukimcheka alisema maji ameyaona ya kutosha. Watu aliwakaripia, ila mabomba aliyasemesha kwa upole, akiyapapasa maungio: "Haya, haya, kaza kidogo, usinivunje moyo." Na mizaha hakuipenda kabisa, lakini rafiki aliyemchagua pale kijijini, mtu aliyemruhusu kukaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake, alikuwa mimi.

Hapo lazima nijieleze. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo kama mwingine anavyosema yeye ni mhandisi. Nilimaliza kidato cha nne, nikabeba sanduku la bati mpaka hapa Kibugu, nikaliweka chini ya kitanda, na halijatoka tena. Nina dada anayeishi mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, mwendo wa muda mfupi tu, na nimelala kwake mara mbili maishani, mara zote nikiota ng'ombe wangu. Chuo nilichosoma mimi ni kituo cha chai: tunasubiri lori la majani pale jioni, kila mtu na vikapu vyake, na anayejua kuchekesha watu hasubiri peke yake. Nilijua kuchekesha. Mara nyingi niliyemcheka ni mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye mtu niliyekuwa na habari zake nyingi.

Nilimuuliza Mzee wa Maji kwa nini ananivumilia. Alisema, "Wengine wanaongea upuzi na hawajui. Wewe angalau unajua."

Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, chai ikiwa kidogo, alipotea siku tatu. Alipakia vipande vya bomba, gundi, msumeno, na katoni za majani ya chai kwenye pikapu, akaelekea kaskazini. Kijijini tulijua ana mke wa pili huko. Tulimjua hata umbo. Mimi ndiye niliyempa yule mke jina, na ng'ombe, na meno yaliyoachana.

Ukweli aliniambia mwenyewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi na kikundi cha kuchimba visima huko Laisamis, ukingoni mwa jangwa la Kaisut. Walichimba majuma mengi, wakapata chumvi. Kisha lori lao la maji likaharibika, na mama mmoja wa Kirendile, msichana wakati huo, akawapeleka kwenye pango ambalo familia yake ilikuwa ikichota maji. Wakanywa hapo mpaka spea ya lori ikaletwa. "Tulienda kuwatafutia maji," alisema, "wakatunywesha wao." Tangu hapo alirudi kila mwaka kutengeneza kibomba alichokiweka ndani ya pango, kinachokusanya maji yanayotoka kwenye ufa wa mwamba na kuyaleta kwenye beseni bila mengine kupotelea ukutani. Hakuna aliyemtuma. Nilipomwambia hiyo ni kazi ya serikali alisema, "Basi serikali ikifika itanikuta."

Mwaka ule aliniambia twende pamoja. Nilitoa sababu zangu zote, na ninazo nyingi. Wawira ndiye aliyenimaliza. "Nenda," alisema, "angalau viti vipumzike."

Nilijiandaa kama mtu wa Kibugu anavyojiandaa kwa safari: sweta mbili, kofia ya sufu, na gambuti mpya za mpira. Kwetu ukitoka nyumbani alfajiri bila gambuti unarudi na matope hadi magotini, kwa hiyo akili yangu haikunipa kiatu kingine. Mzee wa Maji alinitazama miguuni, akafungua mdomo, akaufunga. Nafikiri aliona somo litajifundisha lenyewe.

Tulisalimia mito yote mpaka Meru, tukashuka Isiolo, na sweta ya kwanza ikatoka. Baada ya Archers Post ikatoka ya pili. Lami ilienda mbele imenyooka mpaka ikayeyuka. Sikuwahi kuona nchi isiyo na kitu cha kukuzuia macho. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Na Mzee wa Maji, kila tulipofika kwenye daraja, alipunguza mwendo bado. Chini kulikuwa na mchanga mtupu, laga, mito ya huko inayopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Alizitazama kwa heshima ile ile.

"Merille," alisema. "Iko chini."

"Mzee, iko chini ya mchanga."

"Si nimesema?"

Baada ya Laisamis tuliacha lami, tukaenda kwenye mawe meusi mwendo wa kama saa moja, mpaka kwenye vilima vidogo. Boma la yule mama lilikuwa hapo: nyumba chache za ngozi na mikeka, ua wa miiba, mbuzi wadogo wakilia. Sasa alikuwa mtu mzima, mrefu, shanga mpaka kidevuni, Kiswahili chake kichache ila kila neno limekaa mahali pake. Alimsalimia Mzee wa Maji kwa kumshika mkono muda mrefu bila kuutikisa. Alipokea katoni za chai, akaziingiza ndani. Akanitazama mimi.

"Huyu?"

"Ni wangu," Mzee wa Maji alisema. "Wa jirani."

"Ana miguu ya ng'ombe," mama alisema akiangalia gambuti, na watu wote pale bomani wakacheka. Nilicheka pia. Nilifurahi. Nikaona hata huku kazi yangu ipo.

Alituacha twende pangoni peke yetu. Yeye angefuata na punda baadaye, kuchota maji ya jioni. Sasa ninajua kutuacha tu vile kulikuwa na uzito gani. Wakati ule niliona ni kawaida.

Mdomo wa pango ulikuwa chini, tukaingia tumeinama. Chumba cha kwanza kilinuka mbuzi. Huwalaza humo jua likizidi. Cha pili kilikuwa kirefu, dari juu, na tochi ilipoipiga popo wakajikunja kama majani makavu. Ukutani kulikuwa na alama za mikono, nyingi, zimewekwa kwa masizi, moja juu ya nyingine, nyingine ndogo za watoto. Niliuliza ni za nani. "Za waliochota," alisema. Nikataka kuweka wangu. Akasema si zamu yangu.

Chumba cha tatu kilikuwa baridi. Sijui nikueleze vipi ile baridi baada ya jua la nje. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwa mama yako. Sakafuni kulikuwa na beseni la mwamba, pana kama meza ya kulia chakula, limejaa karibu hadi ukingoni, maji meupe mpaka unaona chini. Juu yake kibomba cha Mzee wa Maji kilitokeza ukutani, na kutoka kwake tone lilianguka. Kisha kimya. Kati ya tone na tone ningeweza kutaja majina ya watoto wangu wote watano na bado nikasubiri.

Ufa wenyewe ulikuwa juu, nyuma ya jiwe kubwa lenye utelezi. Mzee wa Maji alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akapanda na msumeno mdomoni. "Kaa hapo na tochi," alisema, "usiguse kitu." Akapotea nyuma ya jiwe. Nilimsikia akisemesha bomba lake. "Haya, haya."

Nikakaa kando ya beseni. Miguu yangu ndani ya gambuti ilikuwa inapikwa tangu Isiolo. Nikazivua kidogo, kuipa hewa tu. Kisha nikaiangalia miguu, nikayaangalia maji.

Lazima mjue jinsi mtu wa kwetu alivyoumbwa. Kwetu maji yakiwa mbele yako, mengine yako nyuma yake yanakuja. Unaosha jembe kwenye mfereji, unaosha miguu, uchafu unaenda kwa jirani, jirani naye anaupeleka kwa jirani yake, mpaka Tana, mpaka baharini, na nyuma kunashuka mengine safi kutoka mlimani. Sikuwa nimewahi kuona maji yaliyofika mwisho wa safari. Niliona maji, basi. Niliweka mguu mmoja, nikaweka wa pili, nikafumba macho, nikasugua.

Nilipofumbua, beseni lote lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo mwekundu wa Kibugu, na mbolea, na jasho la siku nzima. Nikasubiri yaende. Hayakuwa na pa kwenda.

Nilivaa gambuti haraka, miguu imelowa, soksi mfukoni. Mzee wa Maji alishuka taratibu kwenye jiwe, miguu yake mitupu inadondosha maji ya ule ufa. Akasimama. Akamulika beseni. Alichuchumaa, akaingiza ncha ya kidole, akakitoa, akakaa hivyo.

Tukasikia punda nje, mitungi mitupu ikigongana. Mama akaingia.

Aliyatazama maji muda mrefu. Halafu akatutazama miguuni, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na gambuti. Mzee wa Maji alikuwa miguu mitupu, suruali imekunjwa, imelowa mpaka kwenye magoti.

"Nani ameingia?" aliuliza.

Mzee wa Maji alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayefungua mlango na kuushikilia ili upite kwanza. Mimi nikaangalia gambuti zangu.

"Ni mimi, mama," akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe unajua."

"Najua."

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaanza kuchota kwa kikombe kutoka juu juu, polepole, asitibue ya chini, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwapo na watoto wa mbuzi wangekunywa jioni ile ile. Tulitaka kumsaidia. Akatutolea kiganja.

Tuliporudi bomani aliingia ndani ya nyumba, akatoka na katoni za chai, akazirudisha nyuma ya pikapu, zote, akizipanga vizuri.

"Chai inataka maji," alisema.

Mzee wa Maji hakutaja laga hata moja wakati wa kurudi. Tulilala Isiolo, na asubuhi, tukipanda kuelekea Meru, ndipo nilipopata ujasiri. "Mzee, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilingoja useme wewe," alisema. "Sikuona mdomo ukifunguka. Na yule mama hawezi kuachwa amesimama na swali."

"Ningesema."

"Basi utasema. Mwaka ujao tunarudi, utamwambia kwa mdomo wako. Mimi siwezi kurudi peke yangu, nitaonekana nimeenda kukusingizia."

"Nitamwambia."

"Utamwambia?"

"Haki ya Mungu."

Nilikuwa na maana hiyo kabisa wakati nikisema. Hilo naomba mlijue.

Jioni ya pili nilipeleka chai kituoni. Lori lilikuwa limechelewa, kulikuwa na baridi, na watu walikuwa wamenisubiri. "Mwana jangwa! Umemwona yule mke? Ana meno?" Nilianza vizuri, na ndovu wa Archers Post ambaye sikumwona, na joto. Nikafika pangoni. Nilikuwa nimezoea kujicheka, mngedhani hapo ndipo penyewe, na ningeweza kupata kicheko cha kunitosha. Lakini ulimi ulipofika pale ukakunja kona. Nikasema, "Basi nani, kama si Mzee wa Maji mwenyewe, anavua viatu. Anaangalia huku. Anaangalia huku. Anaweka mguu mmoja..." Hapo nikanyamaza kidogo, kwa kuwa najua kazi yangu. "...anaweka wa pili."

Sijawahi kuchekesha watu vile. Kuna mama alilia akaketi juu ya kikapu chake. Mtu aliyetukatia mabomba sote, anaosha miguu kwenye maji ya kunywa ya watu! Walinirudisha nyuma nisimulie tena kwa waliochelewa. Kufikia Jumapili nilikuwa nimeongeza sabuni.

Yeye aliisikia, bila shaka. Kijiji chetu si kikubwa. Alipopita kituoni watu walikunja suruali. Alipomkuta bwana mmoja anamwagilia miche ya kahawa mchana wa jua, yule bwana alisema, "Mzee, si uvue viatu kwanza tuongee?" Alikata lile bomba, lakini sauti yake, walisema, haikutoka. Watu wakaanza kufungua vali wenyewe. Kwa nini tumwogope mtu kama huyo kwa ajili ya maji?

Hakunikwepa. Nilimsubiri aje anikaripie, nilikuwa hata na majibu, na yeye alipita akaniuliza habari ya ng'ombe.

Katika mkutano wa mwaka wa mradi, mtu mmoja alisimama akasema tunahitaji fundi kijana, na pia mwenye kuheshimu maji. Neno la mwisho alilisema akiangalia chini kwenye viatu vyake, na ukumbi ukapasuka. Mzee wa Maji aliketi mbele, mwavuli kati ya magoti. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nilikuwa safu ya tatu. Maneno nilikuwa nayo, mafupi, mawili tu yangetosha. Kisha wakasema wanaotaka mabadiliko wainue mikono. Mikono ikainuka pande zote, mbele yangu, nyuma yangu, na mimi nikaona mtu ambaye hajainua ndiye atakayeulizwa kwa nini. Niliinua wangu. Si juu sana.

Alikabidhi spana ya vali, akamwonyesha kijana mpya jinsi ya kuishika.

Mwaka ulipofika alisimamisha pikapu langoni kwangu alfajiri, nyuma kuna katoni za chai na vipande vya bomba. Injini iliunguruma. Nilitoka nikamwambia ng'ombe ana mimba ya karibu, siwezi kumwacha. Ilikuwa kweli, ingawa alizaa wiki tatu baadaye. Alisema, "Haya." Nilidhani ataendelea bila mimi. Aligeuza gari pale pale, akarudi kwake, akashusha mizigo. Mwaka wa pili alipita kwa miguu akaniuliza ninaonaje. Nikasema mgongo. Mwaka wa tatu hakuuliza, na pikapu iliuzwa.

Mkewe alipofariki, binti yake aliyeolewa Meru alimchukua akakae naye Kinoru, karibu na uwanja wa michezo. Tulimwita binti huyo Mama Mwenda. Mwaka jana alinipigia simu. "Njeru, Baba anakuulizia kila siku. Najua wewe na safari, lakini njoo."

Nilienda. Nilitapika Chogoria na tena Nkubu, lakini nilienda.

Nilimkuta ameketi nje juani, blanketi magotini, amekuwa mdogo. Mwenda, mjukuu wake wa chuo, alikuwa kando yake akibonyeza simu. Mzee alinitambua mara moja.

"Mtu wa nyumbani," alisema. "Nani amekufukuza?"

"Wawira. Anasema viti vinachoka."

Alicheka mpaka akakohoa. Mwenda akainua kichwa. "Guka, huyu ndiye mlienda na yeye jangwani? Ai, basi nipeeni ile stori ya miguu live!" Hadithi ilikuwa imefika Meru kabla yangu, kwa shangazi na binamu na harusi.

Nilitaka kubadilisha mazungumzo, lakini mzee alikuwa ameshaanza.

"Lilikuwa jua kali, mwanangu," alimwambia Mwenda. "Nikavua viatu. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Nikaweka mguu mmoja." Akanyamaza kidogo. "Nikaweka wa pili. Yalikuwa baridi, yale maji. Mpaka leo nayasikia."

Yalikuwa maneno yangu. Hata pale aliponyamaza palikuwa pangu, nilipatengeneza kituoni nikisubiri lori. Mwenda alicheka akipiga paja. Mzee hakucheka.

Mama Mwenda akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo anavyoshinda. Anaamka anataka viatu, anataka apelekwe Laisamis, anasema alichafua maji ya watu waliomwamini na hajaomba msamaha. Wamemwombea, padri amekuja, hakuna kilichosaidia. "Anasema wewe ndiye unaijua njia."

"Unaijua," mzee alisema. "Mimi magoti yamekataa. Nenda uniombee msamaha kwa yule mama. Mwambie sijui nilifikiria nini. Mimi, mtu wa maji. Mwambie sijui."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sijawahi kupiga magoti mbele ya mtu. "Mzee, si wewe. Ni mimi. Wewe ulikuwa juu kwenye ufa. Mimi ndiye niliyeweka miguu, wewe ukanifichia. Halafu nikaja kuwaambia watu ni wewe."

Mwenda alicheka tena. "Huyu ni noma! Sasa anageuza stori!"

"Nasema ukweli, kijana."

"Kwani nani hakujui, anko? Mama alituambia ukianza tu, tushike mbavu."

Nilimtazama mzee machoni. Nilikuwa natafuta kama ananifichia tena, kama alivyofanya siku ile, au kama amesahau kweli na mahali pa kumbukumbu yake pamekaa uongo wangu. Sikuweza kujua. Alinipapasa kichwa, kama alivyokuwa akipapasa maungio ya mabomba.

"Wewe ulikuwa na gambuti, Njeru," alisema kwa upole. "Yule mama aliona. Mtu ataoshaje miguu na gambuti?"

"Nilizivua, Mzee."

"Inuka hapo chini, utapata baridi." Akamgeukia binti yake. "Mpe chai. Ametoka mbali."

Nilikunywa chai. Nilisema tena, mara mbili, na mara ya pili Mama Mwenda akaniwekea mkono begani, nikanyamaza. Mzee alisinzia juani. Alifariki kabla ya mvua kuanza.

Siku ile niliyomtembelea, Mama Mwenda alinisindikiza mpaka barabarani, tukiwa wawili tu. Uwanjani watu walikuwa wakishangilia mpira. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamejaa machozi.

"Asante, Njeru," alisema. "Nimeona ulivyotaka kumbebea. Kupiga magoti kabisa, ukasema ni wewe, ili apumzike. Ni watu wachache wanaweza kumfanyia mwenzao hivyo."

Gari lilikuwa bado halijafika. Nilikuwa na nafasi yote duniani.

"Si kitu, Mama Mwenda," nikasema. "Ni mzee wangu."